Mwanamume Aliyeanika Kanga

Juzi nilipita nyuma ya soko kutafuta mtu wa kunizibia ndoo, nikasikia harufu ya lehemu ikiyeyuka juu ya bati la moto. Harufu ile haipendezi. Inakwaruza koo, inaacha uchungu kwenye ulimi kama umelamba msumari. Fundi akaniambia, "Karibu mama, tukusaidie nini?" Nikaiona midomo yake inacheza. Kwa mawazo nilikuwa nimerudi utotoni, nimesimama uani kwetu mtaa wa Chemchem, nina sare ya shule, nywele zimesukwa twende kilioni, natamani ardhi ipasuke inimeze.

Baba yangu alikuwa fundi bati. Wenzangu mliolelewa kabla ndoo za plastiki hazijajaa mjini mnamkumbuka mtu wa namna hiyo, hata kama hamkumjua yeye. Alitafuta mapipa matupu, akayapasua, akayanyoosha kwa nyundo, yakawa ndoo, makarai, majiko ya mkaa, koroboi, mifereji ya kukingia maji ya mvua. Watu walimwita Fundi Maganga. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, vidole vimejaa alama za moto. Ndoo yake mpya aliijaza maji, akaiacha juani toka asubuhi hadi adhuhuri, ndipo akainama kupapasa chini yake. Akikuta unyevu, hata kidogo, hakusema kitu. Aliimwaga akaanza upya.

Maneno ya nyumba yetu yote alikuwa nayo mama. Mama alikuwa na ulimi. Kwenye harusi wanawake hawakuanza vijembe mpaka Mama Zuhura afike. Zuhura ndiye mimi. Jioni baba akirudi kutoka sokoni alikaa kwenye kigoda chake, naye mama, huku akikuna nazi, alimletea mji mzima mbele yake. Alimwigiza mwuza samaki wa Urambo, alimwigiza karani wa stesheni anavyotangaza treni iliyochelewa, alimwigiza hata shehe mmoja anavyokohoa kabla ya mawaidha. Baba alicheka mpaka machozi yakamtoka, akasema, "Wewe mwanamke utatupeleka motoni." Nilikua nikiamini kwamba kazi ya baba ni kugonga bati, na kazi ya mama ni kumchekesha baba.

Kisha asubuhi moja mama alianguka jikoni. Sufuria ya uji ilimwagika, na mimi nikadhani anatania. Nilisimama mlangoni nacheka, namngoja ainuke. Alirudi kutoka hospitali upande mmoja umepooza, mdomo umeenda kando, na ulimi ule ambao mji mzima uliujua ukawa mzito kama wa mtoto anayeanza kusema. Kiharusi, walisema. Mwanzoni nyumba ilijaa ndugu, chungu kikubwa kikiinjikwa uani kila siku. Baadaye wakapungua, kila mmoja ana yake, tukabaki wanne: baba, mama, mimi, na mdogo wangu Idi ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutembea.

Baba akafunga banda lake la sokoni, akahamishia kazi nyumbani. Akaweka fuawe yake, kile chuma cha kufulia bati, chini ya upenu, karibu na dirisha la chumba cha mama, na akampa kikombe cha bati na kijiko. Mama akigonga kikombe, nyundo ilinyamaza mara moja. Hata kama mteja alikuwa katikati ya sentensi, baba aliinua kiganja, akaingia ndani. Alimwogesha, alimlisha, alimgeuza asipate vidonda. Alipika. Alisimama kwenye foleni ya bomba pamoja na wanawake, ndoo mbili alizozitengeneza mwenyewe mkononi. Na kila asubuhi alifua nguo za mama zote, zikiwemo zile ambazo wanawake wa mtaani kwetu huzificha chini ya kanga wanapozianika. Baba hakuzificha. Alizikung'uta, akazinyoosha kwenye kamba zikiwa zimepangana vizuri, huku akiimba taratibu kaswida aliyofundishwa madrasa.

Nataka mnielewe nilivyokuwa. Sikuwa mtoto mbaya, nilikuwa mtoto wa mtaani kwetu. Nilijua wanaume hufanya nini na wanawake hufanya nini kama nilivyojua kulia na kushoto. Nikitoka shule, kabla sijafika kwetu, nilitazama kamba. Nikiiona imejaa nilizunguka njia ya nyuma ili wenzangu wasijue naingia nyumba ile, ingawa wote walijua.

Nywele zangu alizisuka yeye. Alijifunza kwa kumwangalia jirani akimsuka mwanawe, akarudi na kitana chake, akaniweka katikati ya magoti yake. Vidole vilivyozoea kukunja bati vilisuka vizuri ajabu. Mistari ilitoka imenyooka. Darasani, Salima, binti wa jirani yetu, akanishika kichwa mbele ya wasichana wengine akauliza, "Umesukwa na nani?" Nikasema shangazi. Akacheka. "Huna shangazi. Umesukwa na baba yako. Mama yangu anasema baba yako si wa kulaumiwa, amelishwa limbwata."

Neno lile sikulijua. Nilimuuliza Salima tukiwa peke yetu, naye akanieleza kwa furaha ya mtu anayejua: ni dawa ambayo mwanamke humtilia mumewe kwenye chakula ili amtawale. Mume akishaila anakuwa zezeta. Anacheka ovyo. Anafanya kazi za kike wala haoni haya. Na ili dawa isiishe nguvu, mke humnuizia, analitaja jina lake peke yake alfajiri, tena na tena.

Toka siku ile nikaanza kumchunguza baba kama mgonjwa. Alicheka ovyo? Alicheka, mama alipojaribu kusema kitu kikatoka kingine, nao wote wawili wakacheka. Kazi za kike? Kamba ilikuwa pale. Haya? Hakuwa nayo hata chembe. Usiku mmoja niliota nimeshika mkono wake nao umegeuka kuwa bati. Kisha nikasikia lile la alfajiri. Baada ya swala baba aliingia chumbani kwa mama, akarudisha mlango, na kutoka ndani ikaja sauti ya mama, nzito, ya kukoroma, ikitaja jina la baba. "Ma... ga..." Kimya. "Ma... ga..." Na baba, kwa upole wa mtu aliyelala usingizi, akajibu, "Tena."

Nilijifunika shuka gubigubi. Nilimpenda mama yangu, na sasa nilikuwa nimeanza kumwogopa. Nilipompelekea uji nilimtazama mkono mzima, ule wa kushoto, nikijiuliza dawa ameificha wapi.

Ndipo bibi, mama yake baba, akaja kutoka Itetemia. Alikuja kwa miguu, kapu la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kichwani, na hakuna aliyekuwa amemwita, ila maneno yalikuwa yamemfikia. Alimkuta mwanawe amechuchumaa mbele ya karai, mikono imejaa povu, kanga ya mama imeviringwa kwenye kiganja. Mimi na Idi tulikuwa tunacheza kwenye vipande vya bati. Bibi hakutoa salamu yake ya siku zote, "mwangaluka". Alitua kapu.

"Shikamoo, mama," baba akasema, akainuka. "Karibu ndani."

"Marahaba. Sikaribii. Weka chini hiyo kanga kwanza."

"Nikiiweka chini itachafuka, mama. Ngoja niianike."

Akaianika, polepole, kama kawaida yake, akazinyoosha pembe zote. Bibi akamtazama mpaka mwisho. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akazungumza kwa Kinyamwezi, akachanganya Kiswahili pale alipotaka majirani wasikie.

"Mwanamke akiugua hivi hurudishwa kwao akauguzwe na mama yake. Kwao Ntalikwa si mbali. Utampelekea chakula, utampelekea dawa, hakuna atakayekulaumu. Na humu utaleta mwingine, watoto hawa wapate wa kuwasuka."

"Wanasukwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Bibi akapiga makofi mara moja, akaviacha viganja vyake wazi. "Mwanangu, watu wanakucheka mpaka Itetemia."

"Wacha wacheke, mama. Wakichoka watanyamaza."

"Mtu mwenye akili zake hasemi hivyo." Akageuka, akaniona. "Zuhura, njoo hapa mjukuu wangu. Mtoto hajui kuficha. Wewe unalala humu. Unaona nini katika nyumba hii?"

Nimelifikiria jambo hili maisha yangu yote, na bado siwezi kusema nililaghaiwa. Niliulizwa, na nilikuwa na hamu ya kuulizwa. Niliamini hatimaye amekuja mtu mzima atakayemponya baba. Nikasema kwa sauti ya kusoma darasani kwamba kila alfajiri baba anajifungia chumbani na mama, na mama analitaja jina la baba tena na tena, na baba anamwambia aendelee.

Bibi akainuka kama mtu aliyekaa juu ya siafu. "Nilijua! Mwanangu ananuiziwa! Jamani njooni mshuhudie, mtoto mwenyewe amesema!"

Uani kwetu hakukuwa na ukuta wa maana. Wakaja. Mama Salima alikuja na mwiko mkononi, wakaja wanawake wa bombani, wakaja wanaume wawili waliokuwa wakicheza bao jirani. Baba alinitazama mimi. Haikuwa hasira. Alinitazama kama alivyotazama ndoo iliyovuja.

Kisha akaingia ndani, akatoka amembeba mama. Mama hakutaka. Mkono wake mzima ulishika mwimo wa mlango, ukang'ang'ania, nikaviona vidole vyeupe kwenye ncha kwa nguvu ya kushika. Baba akavibandua kimoja kimoja. Akamketisha mkekani katikati ya watu, mchana kweupe, yeye ambaye toka ndugu wapungue hakuonwa na yeyote ila sisi. Baba akakaa nyuma yake, akamwegemeza kifuani.

"Mnataka kusikia ninavyonuiziwa?" akasema. "Sikilizeni. Daktari alisema ulimi ukifundishwa utarudi. Kila alfajiri namfundisha, kabla watoto hawajaamka, maana anaona haya. Mama Zuhura, sema kama asubuhi. Ma."

Mama alitazama chini.

"Ma," baba akarudia.

"Ma," mama akasema.

"Ga."

"Ga."

"Nga."

Ile ya mwisho haikutoka. Mdomo ulivutika upande, mate yakashuka mpaka kwenye kanga. Baba akayapangusa kwa kiganja haraka, akanionyesha mimi kwa kidole. "Huyu je? Huyu ni nani? Zu. Sema, Zu."

"Zu," mama akasema. "Zu... zu... zu..." Akakwama hapo. Sauti ikazunguka kama nzi ndani ya kopo. Na mtu mmoja akacheka. Sidhani alikuwa na ubaya, labda ni ule mcheko wa kukosa pa kutazama, lakini ulitoka, na wengine wawili wakaufuata kabla hawajajizuia. Walikuwa wanawake wale wale ambao mama aliwachekesha harusini. Mama akainua mkono wake wa kushoto, akashika ncha ya kanga, akajifunika uso wote.

Watu wakaondoka bila kuagana. Mama Salima alimkuta mwanawe njiani akamkokota kwa sikio. Bibi alibaki amesimama karibu na kapu lake. Baba akambeba mama kumrudisha ndani. Mimi nikaenda nyuma ya choo, nikakaa huko mpaka Idi alipokuja kunitafuta.

Kesho yake alfajiri niliamka nikasikiliza. Hakukuwa na sauti. Wala kesho kutwa. Mama alikuwa amegeukia ukuta. Chakula alikipokea kutoka kwangu, na kutoka kwa bibi, ambaye hakurudi Itetemia na hakueleza kwa nini. Kutoka kwa baba hakupokea. Baba akisogeza kijiko, mdomo ule uliopinda ulifungwa, ukafungika sawasawa kuliko siku nyingine zote. Nyundo ya baba ilipiga ovyo siku zile. Mteja mmoja alirudisha karai, linavuja.

Jioni moja aliniita nimshikie bati alikate. Nikaona ndiyo nafasi. "Baba, nisamehe. Nilidhani umelishwa."

Aliacha mkasi wazi katikati ya bati. "Nimelishwa nini?"

"Limbwata."

Nilitegemea acheke au anipige. Alifikiri, kana kwamba ni jambo linalowezekana. "Wewe ulisema ulichosikia," akasema mwishowe. "Mtoto hana kosa kwa masikio yake. Mimi nilimwona ameshika mlango. Niliuona mkono wake, Zuhura, na bado nikamtoa. Nilitaka wale watu wajue mimi si zezeta. Kumbe nilikuwa natetea jina langu, si lake."

Akaukaza mkasi, akaendelea kukata. Mimi nikabaki nimeshika upande wangu wa bati, na ukweli ni kwamba nilipata nafuu. Nilifurahi kwamba kuna mkosaji mwingine. Haya hiyo sikuitambua kuwa haya mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Siku hiyo hiyo niliingia kuchukua kikombe nikamkuta baba amekaa sakafuni kichwani mwa kitanda cha mama, kofia yake magotini. Sikuwahi kumwona mwanamume amekaa chini ya mwanamke. Nilipokuwa natoka ndipo nikamsikia, "Mama Zuhura, sikukuuliza. Ilinipasa nikuulize."

Mama hakugeuka. Lakini wakati wa chakula cha usiku, baba alipoleta sahani, mama aliunyoosha mkono wa kushoto akamnyang'anya kijiko, akajilisha mwenyewe, nusu ikimwagikia kifuani. Baba akaachia kijiko, akakaa palepale, akamtazama akila. Toka siku hiyo mama hakulishwa tena na mtu. Baadaye masomo ya alfajiri yakarudi, ila sasa baba aliniamsha kwanza, akanitaka nimpeleke Idi barazani tukaimbe huko, kwa sauti kubwa. Mama akapata maneno. Hayakuwa mengi, na yale ya vijembe hayakurudi kamwe, lakini aliweza kuomba maji, kumkemea Idi, na kumwambia baba chumvi imezidi. Kwenye harusi hakwenda tena.

Bibi alikaa nasi msimu mzima wa mvua. Yeye ndiye aliyeanza kumwogesha mkwewe, bila kuombwa, akinung'unika kwa Kinyamwezi muda wote. Na alipoanza kukaa kibarazani na kitana, nilimwendea nikamwambia kuanzia sasa nisuke wewe. Baba alinisikia. Aliondoa kitana chake kwenye rafu, akampa bibi, wala hakuniuliza sababu.

Mama alifariki nikiwa sekondari. Baba hakuoa tena, na watu waliacha kumcheka, kama alivyosema, walipochoka. Plastiki ikaja, ndoo zake zikakosa wanunuzi. Akatengeneza mifereji ya mvua na masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni, na mwisho akatengeneza funeli za wauza mafuta ya taa. Alitusomesha wote wawili. Kwenye mahafali yangu alivaa kanzu nyeupe, akasimama nyuma kabisa, nami nikamwendea mwisho, baada ya kuwasalimia wazazi wa wengine wote.

Mwaka huu aliugua yeye. Nilichukua likizo nikarudi Chemchem kumuuguza pamoja na Idi. Idi ndiye aliyemwogesha, kwa kuwa ni mwanamume. Siku moja Idi alikwama kazini mpaka magharibi, na baba alikuwa amejichafua kitandani. Nilichemsha maji, nikaingia na karai, nikasimama mlangoni. Hakuna ajuaye zaidi yangu mikono ile ilivyofanya kazi hii, miaka mingapi, kwa ajili ya nani. Nilisimama pale na taulo begani, mtoto wake mkubwa, mama wa watoto, na miguu haikusogea.

Alinitazama muda. "Weka hapo, mama," akasema. "Idi atakuja."

"Idi amechelewa, baba."

"Nitamsubiri."

Nikapumua. Nilidhani nimepumua kimyakimya, lakini chumba kilikuwa kidogo na masikio yake yalikuwa mazima mpaka siku ya mwisho. Akageuza uso ukutani ili nisijue kwamba amenisikia. Maji yakapoa. Nikayapasha, nikayarudisha, nikayaweka karibu na kitanda, nikatoka nikakaa nje kumngoja ndugu yangu.